Nyama Iliyonukia Kafuri

Nyinyi vijana mnaoingia maabara sasa mnaniuliza siri ya kazi yangu ilikuwa nini, nami najua mnataka niseme bidii au uvumilivu. Siri yangu ni kwamba sikumwamini mtu. Sikuiamini chupa iliyoandikwa kwa mkono wa mwingine, sikuliamini friji linalovuma vizuri, sikuyaamini maji yaliyochujwa na mtu niliyemwona akicheka na simu yake. Mume wangu anasema nimestaafu kazi lakini tabia imegoma kustaafu, maana hata maziwa ya chai nayanusa kabla sijamshukuru aliyeyaleta. Anasema kweli. Nami huona haya kidogo, kisha nayanusa tena.

Jina langu Zuwena. Kazi yangu ilikuwa kukata nyama za wagonjwa vipande vyembamba mno, kuvibandika kwenye vioo na kuvitia rangi, ili daktari avitazame kwa hadubini aseme kama ni saratani na ni ya namna gani. Nilipoanza tulikuwa tukitazama umbo tu: seli zimejipanga au zimevurugika. Miaka ya mwishoni ndipo tulipoanza kuuliza suali zito zaidi, kwamba ndani ya seli hii nani anatoa amri.

Suali hilo nilielezwa na mkuu wangu wa maabara, Kantibhai, Mhindi wa Mji Mkongwe ambaye koti lake jeupe lilikuwa halina hata kunjo. Aliniambia, "Zuwena, fikiri nyumba ya ghorofa. Mgeni hapandi juu. Anabisha mlangoni, wa chini anaitika naam, anamwambia wa ngazini, wa ngazini anamwambia wa juu. Huko juu kuna bibi mwenye kitabu cha mapishi. Akishaambiwa anafungua ukurasa mmoja, anaunakili, na nakala inashushwa jikoni."

Mlango ni utando wa seli. Ghorofa ya juu ni kiini. Kitabu ni jeni zetu, na kule kunakili ndiko wataalamu wanakokuita unukuzi. Wanaopokezana habari ngazini ni vimeng'enya, na kila kimoja hukiamsha kinachofuata kwa kukibandika kijipande kidogo cha fosfeti. Cha mwisho huingia kwenye kiini, huibandika fosfeti protini iliyokaa juu ya jeni, na jeni huanza kusomwa. Vipo pia vimeng'enya vya upande wa pili, ambavyo kazi yao ni kuzibandua zile fosfeti ili nyumba itulie.

Katika seli yenye afya, pande hizi mbili huzuiana. Katika saratani nyingi, kimeng'enya kimoja cha kubandika kimeharibika na hakinyamazi. Hakuna mgeni mlangoni, lakini habari inapanda tu, na kurasa zinazosema gawanyika, kua, usife, zinanakiliwa asubuhi na jioni. Kurasa za jeni zinazolinda, zinazosema simama, huachwa zimefungwa. Dawa nyingi za sasa zinakwenda kukiziba mdomo kimeng'enya hicho. Lakini humpi mgonjwa dawa hiyo mpaka ujue kwamba kelele kweli inatoka hapo.

Na tunajua kwa rangi. Kuna kingamwili ambacho hushika ile protini ya kwenye kiini ikiwa na fosfeti tu. Ikiwa haina, kinapita kama hakijaiona. Juu yake tunatia rangi. Kiini kikiwa cha kahawia, amri inapita. Kikibaki buluu, ile rangi ya msingi ya kila kioo, kimya. Jambo lenyewe linaonekana jepesi, na hapo ndipo mtu anapotakiwa kuanza kushuku.

Nawapa mfano. Siku moja tulipata kahawia nzuri kuliko zote, kila kipande kimekoza, vijana wa maabara wanapongezana. Kantibhai akatazama, akasema, "Hebu nipe kioo kimoja kisichotiwa kingamwili kabisa." Tukafanya. Nacho kikatoka kahawia. Damu ina kimeng'enya chake kinacholeta rangi ile ile, na sisi hukizima kwanza kwa peroksaidi; chupa ya peroksaidi ilikuwa imewekwa dirishani kwenye jua mpaka imekuwa maji matupu. Tangu siku ile sikupata kutoa jibu bila kioo kitupu pembeni. Nanyi msitoe.

Au lile friji. Letu lilikufa, nikatumwa Mlandege kutafuta jingine. Muuzaji akanipigia kofi mlango wa friji lake, "Bi Mkubwa, hili halijapata kuzimwa tangu Dubai." Nikamuuliza, "Basi lilikuja likiwa limechomekwa wapi?" Akanitazama, akasema, "Weye hukuja kununua friji, umekuja kumhoji mtu." Nikaacha kipimajoto ndani, nikaenda sokoni, nikarudi. Lilikuwa na joto la kufugia kuku. Kingamwili ni kitu cha kuharibika, kinataka baridi isiyobadilika, na kikiharibika hakitoi harufu wala hakibadiliki rangi. Kinakaa vile vile kikikudanganya.

Sasa nikuambieni habari ya Bi Mize, maana hizo nyingine zilikuwa mazoezi.

Bi Mize alikuwa mkulima wa mwani wa Kiwengwa. Alikatwa titi kwa saratani, akapewa dawa za kawaida mpaka zikamchosha, na bado tezi la kwapani likawa linakua. Kulikuwa na dawa mpya, vidonge vya kukizima kile kimeng'enya, vikitolewa bure na mradi wa watu wa nje kwa wale tu ambao viini vyao vimetoka kahawia. Neno bure lilinikaa vibaya tangu mwanzo, lakini hakukuwa na njia nyingine. Akikosa vidonge hivyo, hakuna cha kumpa ila dawa za maumivu.

Tukachukua kipande cha titi lake kilichohifadhiwa kwetu, nikakikata na kukitia rangi mwenyewe. Kikatoka buluu tupu. Hakuna doa.

Aliyesoma vioo vyetu ni Dokta Nassra, msichana mwerevu anayefundisha chuo kikuu Tunguu na kuja mjini kutusaidia. Alikuwa na haki ya kuandika hapana, amalize. Akaniita. "Bi Zuwena, kioo chako cha kulinganishia kimetoka vipi?" Nikamwonyesha: nyama nyingine, tunayoijua kuwa ina fosfeti, iliyotiwa rangi siku hiyo hiyo, kahawia safi. Kwa hiyo dawa zetu hazikuwa na kosa. Akarudi kwenye hadubini, akasogeza kioo pole pole, akasema, "Basi tazama hapa."

Hapa palikuwa ukuta wa mshipa wa damu, seli za afya kabisa. Seli za namna ile huwa na fosfeti kidogo siku zote, maana hata nyumba tulivu hupata mgeni. Nazo zilikuwa buluu.

"Hata wasio na hatia wamenyamaza," akasema. "Nyama hii imenyamazishwa."

Jambo hili lishikeni, maana halipo kwenye kitabu mnachokimeza usiku wa mtihani. Nyama ikitoka mwilini haifi papo hapo. Vimeng'enya vya kubandika vinataka nguvu ya seli, na nguvu huisha mapema. Vya kubandua havitaki nguvu hiyo. Vinaendelea na kazi kwenye nyama iliyokatwa kana kwamba mwenyewe bado anapumua. Ni fomalini tu, dawa ya kuhifadhia nyama, inayovisimamisha vyote vilipo. Ikichelewa, alama zinafutwa moja moja, na saratani yenye kelele inaonekana kimya kama msikiti baina ya sala.

Nikaenda kabatini, nikachukua chombo cha nyama iliyobaki ya Bi Mize, nikakifungua. Fomalini ikanichoma pua, macho yakatoka machozi. Nikangoja, nikanusa tena kwa mbali. Chini ya ile fomalini kulikuwa na harufu nyingine. Mtu yeyote wa Unguja aliyepata kuosha maiti anaijua. Ilikuwa kafuri.

Nakwambieni kweli, niliogopa. Nilikiweka kile chombo mezani nikasogea nyuma. Dokta Nassra alinusa na yeye, akaniangalia, maana sote wawili tulijua mahali pekee ambapo kafuri hukutana na nyama ya mtu.

Nikamwendea Nesi Subira, aliyekuwa zamu ya chumba cha upasuaji siku Bi Mize alipokatwa titi.

"Lile titi la Bi Mize liliingia fomalini lini?"

"Pale pale."

"Pale pale wapi?"

"Bi Zuwena, unanshuku?"

"Nnakushuku. Usione vibaya, hata maji ya maabara nnayashuku."

Alicheka, lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua taulo lile lile. "Nshakwambia pale pale," akasema, akaondoka. Nikarudi kwa Dokta Nassra nikamwambia: anaficha, na sijui kwa nini, lakini hata tukijua, alama zilizofutika hazirudi. Tunataka nyama nyingine. Na ya kupata ni ya kwapani.

Tukaenda Kiwengwa pamoja. Nyumba ya Bi Mize iko nyuma ya mahoteli, uani mwani umeanikwa mpaka ukutani, na harufu ya chumvi imeingia kwenye kila kitu. Aliyetupokea ni dada yake mkubwa, Bi Mchanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kutabasamu. Bi Mize mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mkono mmoja ameutenga na mwili kwa maumivu ya kwapa.

Nikaeleza tulichotaka. Bi Mchanga akasikiliza mpaka mwisho.

"Mshalikata ziwa la ndugu yangu," akasema. "Sasa mnataka kwapa. Mkimaliza kwapa mtakuja na lipi?"

"Bi Mkubwa, ni sindano tu, kipande kama uzi."

"Hata uzi. Nyama hizo zinakwenda wapi? Sie huku tunasikia zinapelekwa Ulaya, watu wanatajirika. Hatujui kama ni uongo, hatujui kama ni kweli. Hakuna anayetwambia."

Nilimtazama yule mama nikajua nimekutana na mtu wa kabila langu, la wasioamini. Nikaona hakuna haja ya maneno matamu. Nikamuuliza moja kwa moja, "Lile ziwa, mlilitia kafuri?"

Hakushtuka hata kidogo. "Tulilikosha, ndiyo. Ni kiungo cha mtu, utakitupa? Nilimwomba yule nesi nimzikie ndugu yangu kiungo chake, akanihurumia, akanipa. Tukalikosha kwa maji ya kafuri, mie na wenzangu, kule nyuma ya hospitali penye bomba, tukalikunja kwenye sanda ya bafta. Tushalitia garini, gari inataka kuondoka, nikamwona nesi anakuja mbio. Ati daktari anataka kipande. Akalifunua pale pale garini, akakata, akatia kwenye chupa, akenda zake. Lililobaki tukalizika."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Wakati wanawake wale wanamwagia maji kwa adabu kiungo cha ndugu yao, vimeng'enya vya kubandua vilikuwa vikifuta alama ndani yake. Nilikuja na hasira yangu tayari, nikakosa wa kumpa.

"Kwani kafuri imekiharibu?" akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga.

"Si kafuri, Bi Mkubwa. Wakati ndio ulioharibu. Tungekata kipande chetu kwanza, nyinyi mkachukua kilichobaki, yasingetokea. Hakuna aliyekwambia, basi utajuaje."

Akakaa chini. "Kwa hiyo mie ndo nilomnyima dawa ndugu yangu."

"Hujamnyima. Ndiyo maana tumekuja."

Akafikiri. "Mkikata tena, mtanrejeshea nizike? Au kinakwenda Ulaya?"

Nikamgeukia Dokta Nassra, maana suali hilo hata mimi nilikuwa nalo tangu mradi ulipokuja, na hakuna aliyenijibu. Uso wake ulibadilika. Akasema pole pole, "Wameomba vipande vya ziada. Sijawajibu."

"Wajibu hapa hapa," nikamwambia.

 Akamtazama Bi Mchanga, si mimi. "Havitoki, Bi Mkubwa. Vinakaa kwetu mpaka vimalize kazi, halafu mtapewa. Wakikataa kutoa dawa kwa sababu hiyo, ntakwenda kugombana nao mie."

Hapo Bi Mize akasema, na sote tuligeuka kwa sababu tulikuwa tumemsahau. "Mnazungumza kama mie sipo. Kwapa langu hili. Kateni."

Siku ya sindano nilisimama kando ya kitanda na chupa ya fomalini mkononi, kifuniko kimeshafunguliwa. Bi Mchanga alisimama mlangoni akitutazama kama anayelinda duka. Uzi wa nyama ulitoka kwenye sindano ukaangukia moja kwa moja kwenye chupa yangu, haukugusa kitambaa, haukugusa meza. Niliibeba chupa ile mwenyewe mpaka maabara, na kila aliyejitolea kunipokea nilimkatalia. Nyama ikatiwa kwenye nta, nikaikata, nikaitia rangi.

Ilitoka kahawia. Viini vimekoza, safu kwa safu, na kwenye ukuta wa mshipa kahawia nyepesi ya kawaida, kama inavyotakiwa.

Dokta Nassra alipiga makofi. Mimi nilikirudia kioo kwenye hadubini. Nilikuwa nimelitaka jibu lile mno, nimelilalia na kuliamkia, nimemwona yule mwanamke na mkono wake alioutenga na mwili, na kwa sababu hiyo sikuliamini. Jibu la kwanza nililishuku kwa pua. Hili nililishuku kwa moyo, na ni vigumu zaidi, kwa sababu moyo unataka uachwe ufurahi. Nikamwambia, "Daktari, kioo kitupu kimetoka buluu, kwa hiyo si peroksaidi, lakini bado nashuku. Vipi kama nimekiacha kingamwili kikazidi kukaa?"

Hakunicheka. Alifikiri, akasema, "Tunacho kimeng'enya cha kubandua kwenye chupa. Kata vipande viwili vinavyofuatana. Kimoja kioshe nacho kwanza, cha pili kiache. Kama kahawia hii kweli ni fosfeti, lazima ifutike kwenye kimoja na ibaki kwenye kingine. Kama ni uchafu, itabaki kwenye vyote."

Nilifanya hivyo. Kilichooshwa kilitoka buluu. Kingine kahawia vile vile. Kimeng'enya cha namna ile ile kilichotuibia ushahidi kwenye bafta kimekuja kutoa ushahidi mezani kwetu. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kiti nikalia, na Dokta Nassra akanifungia mlango ili watu wasinione.

Nesi Subira alikuja siku chache baadaye. Hakuomba radhi. Alisema, "Bi Zuwena, ungekuwa weye, yule mama amesimama mbele yako anaomba kiungo cha ndugu yake, ungemnyima?"

"Ningempa," nikamwambia. "Lakini ningesema kwamba nimempa."

Tukakubaliana namna mpya ya kufanya, naye ndiye aliyeisimamia vizuri kuliko wote. Kabla ya upasuaji, familia huulizwa: mtataka kuzika? Wakisema ndiyo, kipande chetu hukatwa kwanza na kuingia fomalini mle mle chumbani, kisha kilichobaki hukabidhiwa kwa heshima, na hakuna anayekimbilia gari. Nanyi mtakapofanya kazi mahali popote, jueni desturi za watu wa hapo kabla hamjalaumu kingamwili.

Najua sasa mnazo mashine zinazosoma zile nakala za jeni zenyewe, moja kwa moja, zikakutoleeni rangi na michoro kwenye skrini. Nimeziona, ni nzuri. Lakini mashine haijui nyama ilikaa wapi kabla haijafika kwake. Ulizeni nyama ilikotoka, na mkijibiwa pale pale, ulizeni pale pale wapi.

Mradi ulinuna kwa kukosa vipande vya ziada, lakini vidonge vilitolewa. Bi Mize alivimeza, na tezi la kwapani likalainika, likapungua, akaweza kushusha mkono. Watu wakamwambia amepona. Mume wake alisema hivyo, majirani walisema hivyo, hata Bi Mchanga alianza kusema. Mimi nimeona seli zikizibiwa ngazi moja zikapandia nyingine, zikaamsha kimeng'enya kingine, na kurasa zile zile zikaanza kunakiliwa upya. Sikulisema hilo mbele ya watu. Bi Mize alinivuta pembeni siku aliyokuja kupimwa.

"Bi Zuwena, nshapona?"

"Sijui," nikamwambia.

Nilidhani atakasirika. Alinishika mkono kwa ule mkono wake uliokuwa ukiuma. "Basi weye ndo ntakaekuamini," akasema. "Siku ukiniambia nshapona, ntajua nshapona kweli."

Mpaka leo huja mjini kupimwa kila anapoitwa, kisha hupitia kwangu tukanywa chai, na hakosi kuniuliza. Bado sijamwambia.